Kusherehekea Mwanachama Aliyechapisha: Mwongozo kwa Vikundi vya Waandishi wa Mtwara na Lindi

Mtu wa kikundi chenu amepata. Shairi lake limetoka gazetini, au hadithi yake imeingia kwenye mkusanyiko, au kitabu chake kimefika kwa basi kutoka Dar kikiwa bado kinanuka wino. Kinachofuata katika vikundi vingi ni kimoja kati ya viwili. Ama watu wanaandika "hongera" kwenye kundi la WhatsApp, vikatuni vya makofi vinajaa, na kufikia jioni mtu mwingine ameshabandika tangazo la kiwanja kinachouzwa Mangamba. Ama linasimamishwa turubai, anaitwa mgeni rasmi, hotuba zinafuatana, pilau inaliwa, watu wanaondoka, na hakuna aliyesikia hata mstari mmoja wa kilichoandikwa.

Mwongozo huu una kipimo kimoja: sherehe ikiisha, maandishi yawe yamesikika na nakala ziwe zimenunuliwa. Pilau ni nyongeza.

Kubalianeni mapema nini mtakisherehekea

Fanyeni hivi kabla hajapata mtu yeyote. Mkisubiri mpaka mmoja apate, mjadala utakuwa juu yake yeye na siyo juu ya utaratibu, na hapo ndipo maneno ya chini kwa chini yanapoanza: mbona yule mlimfanyia na mimi hamkunifanyia?

Gawanyeni katika ngazi tatu, inatosha. Ngazi ya kwanza ni shairi au makala gazetini, hadithi iliyosomwa redioni, simulizi ya mfululizo iliyokamilika mtandaoni. Hii inapata tangazo na dakika kumi za kusomwa katika kikao kinachofuata. Ngazi ya pili ni kuingia katika mkusanyiko wenye mhariri, au kutajwa kwenye orodha fupi ya tuzo. Hii inastahili jioni nzima ya barazani, kahawa na kusomeana. Ngazi ya tatu ni kitabu kamili, au kushinda tuzo. Hapo fanyeni hafla.

Kuhusu simulizi za mtandaoni, najua wapo wazee wa kazi wanaokunja uso. Lakini mtu anayeuza riwaya yake kipande kwa kipande kwa simu, na wasomaji wakamlipa na kumdai kipande kinachofuata, ana wasomaji. Sharti liwe moja tu: iwe imefika mwisho. Simulizi zilizokatikia sehemu ya kumi na saba zipo nyingi mno.

Mkataba na mchapishaji nao ni habari njema, ila unyweeni kahawa tu. Kati ya kutia saini na kitabu kutoka panaweza kupita mwaka au miwili, na mingine haifiki. Mkipiga vigelegele vyote siku ya saini, siku ya kitabu mtakuwa hamna sauti.

Na aliyejichapishia mwenyewe? Ni ngazi ya tatu, bila kunong'ona. Kusini hatukosi historia ya kazi hii: Wabenediktini wa Ndanda wana kiwanda cha uchapaji cha miongo mingi, na vitabu vilivyopigwa chapa pale vimeenea nchi nzima. Kitabu kinaweza kuzaliwa Masasi kikawa kitabu.

Fungueni daftari

Katibu awe na daftari moja la habari njema. Aandike jina la mwandishi kama anavyotaka lisomeke, jina la kazi, mahali ilipotoka, tarehe, ukurasa, na kama nakala imehifadhiwa. Karatasi ya gazeti ikatwe na kubandikwa siku hiyohiyo, kwa sababu kesho yake itafungia karanga.

Katika daftari hilohilo tengeni kurasa za nyuma kwa ajili ya kazi zilizotumwa: nani katuma nini, wapi, lini. Kila mwisho wa mwezi zisomwe kwa sauti. Huyu katuma mara ya tatu, huyu karudishiwa na maelekezo ya mhariri, huyu kimya. Wanaotuma bila kupata wanaonekana kuwa wamo kazini, na siku mmoja wao akipata, kila mtu anajua safari ilikuwaje. Vikundi visivyo na kurasa hizi huishia kumshangilia mtu mmoja yuleyule mwaka hadi mwaka.

Hakikisheni kabla ya kutangaza

Furaha ina haraka, na matapeli wanalijua hilo. Mambo matatu yaangaliwe.

Kwanza, tuzo. Shindano linalomwambia mtu "umeshinda, tuma ada ya kusafirishia cheti" siyo tuzo. Zipo zinazojulikana, na ni vizuri kila mwanachama azijue. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inaratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na hafla yake huangukia 13 Aprili, siku aliyozaliwa Mwalimu. Ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili ilianza 2014 ikiitwa Mabati-Cornell. Ya ushairi ina jina la Ebrahim Hussein, mwandishi wa tamthilia ambaye ni mzaliwa wa Kilwa, yaani mtu wa kwetu. Mwenzenu akitajwa katika mojawapo, muulizeni pia kama ameruhusiwa kusema. Waandaaji wengine humwarifu mtu mapema na kumtaka anyamaze hadi siku ya kutangazwa, na tangazo la kikundi likivuja linaweza kumharibia.

Pili, mchapishaji. Anayekulipia gharama, akakuhariri na kukupa mrabaha, yaani sehemu yako ya mauzo, ni mchapishaji. Anayepokea pesa yako na kukupa maboksi ya vitabu ni mpiga chapa. Kazi zote mbili ni halali, lakini tangazo liseme ukweli. Mkiandika "amechapishwa na" halafu jina likawa la steshenari ya mjini, wenye jicho watacheka, na mwandishi ndiye atakayebeba aibu hiyo.

Tatu, ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, kama ni kitabu. Namba hizo hapa nchini hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, zina tarakimu 13, na vitabu vingi vya Tanzania utaviona vikianza na 978-9976 au 978-9987. Kitabu kisicho nayo kinaweza kusherehekewa vilevile, ila duka na maktaba vitakisumbua, kwa hiyo bora mwandishi aambiwe kabla hajapiga chapa ya pili.

Muulizeni mwenyewe

Hatua hii ni fupi na ndiyo inayorukwa zaidi. Mji wetu ni mdogo. Mwalimu anayeandika mashairi ya mapenzi kwa lakabu hataki mwalimu mkuu, wazazi wa Shangani na shemeji yake wajue kwa wakati mmoja. Binti aliyeandika hadithi inayogusa mambo ya unyago anaweza kuwa tayari kuisoma mbele ya wenzake, na asiwe tayari kuisoma mbele ya kungwi aliyemfunda. Muulize: tutumie jina lipi? Picha au hapana? Kuna sehemu isiyosomwa hadharani? Nyumbani wanajua?

Akiwa chini ya miaka 18, mzazi au mlezi akubali kwanza, na jina la shule lisiandikwe chini ya picha.

Wapo pia wasiotaka hafla kabisa. Waachieni. Someni kazi yake katika kikao cha kawaida, mnunue nakala, yaishe.

Tangazo lenyewe

Tangazo baya tunalijua sote: "Tunapenda kuchukua fursa hii adhimu kumpongeza kwa dhati mwanachama wetu mahiri, mwenye kipaji adimu, nyota ing'aayo ya Kusini..." Umesoma yote na bado hujui ameandika nini.

Andikeni kama hivi:

"Mashairi mawili ya mwenzetu Fulani binti Fulani yametoka katika ukurasa wa mashairi wa gazeti la Jumamosi hii. La kwanza linajibu shairi la mwezi uliopita kuhusu bei ya korosho, na jibu lina pilipili. La pili anamkumbuka bibi yake aliyemfundisha vitendawili. Beti ya mwisho ya lile la pili ipo hapa chini kwa ruhusa yake. Gazeti bado lipo kwenye vibanda vya stendi. Ijumaa saa 10:30 alasiri atayasoma mwenyewe barazani, njooni na maswali."

Jina, kazi, inahusu nini, inapatikana wapi, mtaisikia lini. Sifa zitajileta zenyewe. Msipige picha kitabu kizima au ukurasa mzima wa mkusanyiko na kuumwaga kwenye makundi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mwandishi, na hata isingekuwepo, mtu aliyekwishasoma bure hanunui. Beti moja au aya mbili, kwa ruhusa, zinatosha kumtia mtu hamu.

Pelekeni habari hiyo pia kwenye redio za mkoani. Watangazaji wa vipindi vya jioni wanatafuta watu wa kuzungumza nao, na mwandishi anayesoma dakika tatu hewani anafika Tandahimba na Nanyamba bila nauli.

Siku

Kwa hafla ya kitabu, kalenda ya Kusini ni korosho. Minada huanza kwenye Oktoba, na malipo yanapoingia kwa wakulima kupitia vyama vyao ndipo mfuko unapopumua: mwalimu kalipwa deni na mkulima, muuza duka kalipwa na mwalimu. Novemba na Desemba mapema nakala zinatoka. Februari na Machi, mvua inanyesha, watu wako palizini na mifuko imekauka. Ukiita hafla hapo utapata makofi matupu.

Likizo za shule ziangalieni kwa sababu ya jando na unyago. Wikiendi hizo nusu ya wanachama wako kwenye ngoma za watoto wa ndugu zao, na hakuna kitabu kitakachoishinda sindimba. Ramadhani huwahi kwa kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo msinakili tarehe ya mwaka jana.

Zipo siku zinazojibeba zenyewe. 23 Aprili ni siku ya kimataifa ya vitabu na hakimiliki. 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani tangu UNESCO iipitishe 2021, na kwetu ni Sabasaba, siku ya mapumziko, watu wako nyumbani. Mwanzoni mwa Agosti kuna maonyesho ya Nanenane ya kanda yetu pale Ngongo, Lindi. Meza moja ya vitabu katikati ya mbegu na matrekta inashangaza watu, na wakishangaa husimama.

Ila sharti moja la tarehe nalisema kwa mkazo: msipange siku kabla vitabu havijafika mkononi. Siyo "vimeshapakiwa Mbagala". Mkononi. Kutoka Dar hadi Mtwara ni kilomita kama 560 za barabara moja, na Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipopita, barabara ile ilikatika maeneo ya Somanga na magari yakalala njiani. Uzinduzi wa kitabu kisichokuwepo ni sherehe ya jalada.

Mahali na ruhusa

Maktaba ya mkoa ndiyo chaguo langu la kwanza. Ni pa kusomea, viti vipo, na watu wanaoingia pale wameshazoea vitabu. Ukumbi wa shule au chuo unafuata. Mikindani kuna haiba yake, kuta za kale na bahari ya utulivu, ila hesabuni nauli ya bodaboda ya kurudi mjini usiku. Ufukweni Shangani panapendeza kwenye picha, lakini upepo wa kusi hubeba sauti yote kwenda baharini, na msomaji wa mashairi atabaki anapunga mikono.

Mkitumia spika za nje au turubai la barabarani, piteni kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata mapema, na mpelekeeni barua afisa utamaduni wa halmashauri. Mara nyingi atataka kuja, na yeye ndiye njia ya kuingia kwenye shughuli nyingine za wilaya. Kikao cha watu ishirini barazani kwa mtu hakihitaji yote hayo.

Spika iwe ya betri. Mkoa unatoa gesi ya Mnazi Bay na bado umeme unaweza kukatika katikati ya beti.

Anzeni saa 10 alasiri, mmalize kabla ya adhana ya magharibi. Mkivuka hapo, nusu ya ukumbi inaondoka na iliyobaki inatazama saa.

Mgeni rasmi

Sipingi mgeni rasmi. Napinga mgeni rasmi anayesubiriwa saa mbili, anayezungumzia miradi ya maji kwa dakika arobaini, kisha anapewa kitabu cha bure na kuondoka na nusu ya ukumbi. Kiongozi wa serikali akija kwa kuwa anapenda kusoma, karibu sana, na mpeni sehemu ya kusoma kwa sauti. Vinginevyo, muiteni mwalimu wa Kiswahili aliyestaafu, yule aliyewafundisha wengi wenu kuhesabu mizani, yaani silabi za mstari, kwa vidole. Au malenga mzee wa Lindi, mji uliokuwa na mtunzi kama Abdul Karim bin Jamaliddini, aliyeandika utenzi juu ya Vita vya Maji Maji. Mzee wa namna hiyo mfuateni nyumbani, mmwamkie, mmweleze kwa mdomo. Kadi pekee haimleti, na kwa heshima yake haipaswi kumleta.

Masharti kwa kila mgeni ni yaleyale: apate kitabu wiki mbili kabla, akisome, azungumze dakika kumi juu ya kitabu hicho. Mshereheshaji awe na ujasiri wa kumkumbusha muda kwa adabu.

Kusoma

Hiki ndicho kiini, na hapa ndipo pa kutumia nguvu yenu ya maandalizi.

Mwandishi achague vipande vitatu, kila kimoja kisizidi dakika tano. Kimoja cha kuchekesha kama kipo, kimoja kizito, na kimoja kinachokatishwa mahali ambapo msikilizaji atasema "ehe, ikawaje?" Hicho cha tatu ndicho kinachouza. Apime kwa saa akisoma kwa sauti, maana ukurasa unaosomwa kimya kwa dakika moja na nusu huchukua karibu tatu mbele ya watu. Avikuze herufi, avichape upya kwenye karatasi, asisomee kwenye simu. Simu hupigiwa.

Siyo kila mwandishi ni msomaji. Wapo wanaoandika kwa sauti ya radi na kusoma kwa sauti ya mbu. Kama ndivyo, yeye asome kipande kifupi, na vingine vighaniwe na mwenye koo. Mashairi ya arudhi, yale ya vina na mizani, yaghaniwe hasa, yasisomwe kama taarifa ya habari. Karibu kila kikundi kina mtu aliyekulia kwenye maulidi au kwaya, na mbele ya shairi mtu huyo ni hazina. Ila wafanye mazoezi pamoja na mwandishi, ili pumzi ikatwe pale mwandishi alipokusudia. Na kama kazi ina maneno ya Kimakonde, Kimwera au Kiyao, yasisafishwe kwa ajili ya wageni. Ukumbi wa Mtwara utacheka mahali sahihi.

Baada ya mwandishi, mwanachama mmoja aliyekisoma kitabu chote azungumze dakika tano: kipi kimemgusa, wapi alikwama, angependa kumuuliza nini mwandishi. "Wapi alikwama" lisiondolewe. Sifa tupu zinawafanya wasikilizaji wahisi wanauziwa kitu, na mwandishi mwenyewe anajua ukurasa wake dhaifu ni upi. Mmemlea mpaka hapa kwa kumwambia ukweli, hakuna sababu ya kuanza kumdanganya siku ya sherehe.

Kisha maswali kutoka ukumbini. Watu huona haya kuanza, basi pangeni mmoja wenu aulize la kwanza, liwe la kweli. Swali la kuulizia mhusika fulani ametokea wapi hufungua midomo kuliko "ulipata changamoto gani?"

Shairi la pongezi

Kwetu mtu wa kalamu hapongezwi kwa hotuba. Kila kikundi kiwe na desturi ya kumtungia aliyepata, na wenye uwezo wampokee kwa beti. Siyo lazima liwe refu. Tarbia moja, yaani ubeti wa mistari minne, ya mizani kumi na sita kila mstari inatosha, mradi imtaje yeye na kazi yake, isiwe ya kumvalisha kila mtu:

Uliandika gizani, sasa nuru imewaka,
Toka kwetu Mikindani, Newala umesifika,
Kitabu ki mkononi, wino haujakauka,
Ndugu yetu wa mizani, hongera umeshafika.

Mwandishi akiweza ajibu kwa vina vilevile papo hapo au kikao kijacho. Majibizano hayo yaingie kwenye daftari. Baada ya miaka michache mtakuwa na diwani ndogo ya pongezi bila kupanga, na hiyo nayo mnaweza kuipeleka kwa mhariri.

Kununua na kutunza

Hapa pana tabia moja inayoua waandishi wetu polepole: "Nipe nakala basi, si sisi wenyewe?"

Fanyeni hesabu hii mbele ya wanachama, kwa mfano tu. Tuseme nakala moja, pamoja na usafiri, imemgharimu mwandishi shilingi 6,500, na anauza 10,000. Anabakiwa na 3,500. Akigawa bure nakala 20 kwa ndugu, viongozi na marafiki, ametoa 130,000. Ili zirudi lazima auze nakala 38 ambazo hazimletei hata senti. Ukumbi wa watu sitini unaweza kuisha na yeye akiwa ndani ya hasara, huku kila mtu akimwambia amefanikiwa.

Kwa hiyo, kanuni: wanachama wananunua kwa bei kamili, na wa kwanza kununua ni mwenyekiti, hadharani. Asiye na fedha leo anunue kwa awamu kupitia mfuko wa kikundi, au wawili wachange nakala moja. Bei isipunguzwe ati kwa kuwa ni sherehe. Siku ya sherehe ndiyo siku ambayo watu wamekuja wakiwa tayari kutoa. Nakala za bure ziwe chache na zinazojulikana: ya maktaba, ya mtangazaji atakayeisoma redioni, ya mhariri. Mgeni rasmi si mmoja wao.

Kama kitabu ni cha mchapishaji, hesabu ni nyingine. Mrabaha wa kawaida ni kama asilimia 10, yaani 1,000 kwa kitabu cha 10,000, na hulipwa baadaye sana. Mwandishi amuulize mchapishaji mapema kama anaweza kununua nakala zake kwa punguzo na kuziuza mwenyewe siku hiyo. Wengi wanakubali, na tofauti inaingia mfukoni mwake jioni ileile.

Meza ya mauzo iwe mlangoni kwenye njia ya kutokea, siyo kona ya nyuma. Wakae wawili: mmoja anapokea fedha, mwingine anaandika. Chenji ya noti ndogo iandaliwe tangu jana yake. Namba ya malipo kwa simu iandikwe kwa herufi kubwa, pamoja na jina litakalotokea, maana mtu akiona jina asilolijua anasita. Mwandishi asikae kwenye fedha. Yeye atie saini na kuzungumza na watu, na kabla ya kutia saini aulize jina linaandikwaje, Zainabu au Zainab.

Na kutunza? Tunatunza kwenye ngoma na kwenye taarabu, kwa nini tusimtunze msomaji? Akifika pale penye utamu, mtu ainuke, aende na noti yake, vigelegele vipigwe. Mkubaliane tu mapema kwamba tunzo zote ni za mwandishi na zinahesabiwa mbele ya mashahidi. Namna nyingine ninayoipenda zaidi ni kutunza kwa nakala: "Nanunua tano, ziende sekondari ya kata yetu." Mshereheshaji akiianzisha vizuri, wenye uwezo wanashindana, na vitabu vinafika kwa watoto. Mkuu wa shule aulizwe kwanza, hasa kama hadithi ina mambo ya wakubwa. Na mjue kuwa kuingia kwenye maktaba ya shule kama zawadi ni jambo moja, na kupata ithibati kama kitabu cha ziada ni jambo jingine lenye njia yake.

Chakula na zawadi

Kahawa, kashata, mihogo ya kukaanga, ming'oko (mizizi ya porini) kama ni msimu wake. Ming'oko ina faida ya ziada: inamenywa polepole, na mtu anayemenya anakaa. Korosho za kubangua ni ghali hata kwetu tunaozilima, wekeni kidogo kwa heshima. Chakula kitolewe baada ya mauzo kuanza, kamwe siyo kabla ya kusoma.

Zawadi iwe ya kumsaidia kuandika kingine. Vinyago vya mpingo vinapendeza, lakini rimu za karatasi, kamusi nzuri, au kikundi kugharamia uchapaji wa mswada wake ujao vinamfaa zaidi.

Wiki inayofuata

Fedha zikabidhiwe ndani ya siku tatu, kwa maandishi: nakala zilizokuja, zilizouzwa, zilizobaki, tunzo, gharama. Mwandishi na mweka hazina watie saini. Urafiki mwingi wa waandishi umefia kwenye boksi la vitabu ambalo hakuna anayekumbuka lilikuwa na ngapi.

Kama amejichapishia, mkumbusheni kupeleka nakala za kisheria Bodi ya Huduma za Maktaba, na moja ya ziada aipeleke mwenyewe maktaba ya mkoa, ikiwezekana na mwanachama mmoja wa kumpiga picha akiikabidhi. Picha hiyo ndiyo ya kuweka mtandaoni, pamoja na mahali kitabu kinapopatikana. Nakala zilizobaki zigawanywe kwenye sehemu mbili tatu zinazopitiwa: steshenari iliyo karibu na chuo, duka la stendi, mtu mmoja Masasi na mmoja Lindi mjini. Kila kituo kisaini idadi, kipewe asilimia yake mliyokubaliana, na katibu apige simu mwisho wa kila mwezi kuuliza zimebaki ngapi.